Wingu Nililolitunga

Lile wingu nililitunga mimi. Halikuwepo. Nililiweka mlimani kwa vidole viwili, mkono mwingine umeshika kikombe cha chai, nikalipatia na jina, na ofisi nzima ikacheka. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukamtafuta wa kumlaumu. Wapo wanaomsema Injinia Salha, wapo wanaoisema mashine. Mashine ilifanya ilivyoambiwa. Aliyeiambia ni mimi, Apaeli, mwenye diploma moja ya maji na mdomo usiojua likizo.

Sisi wa siku hizi hatukuikuta barafu ya zamani ya Kibo. Tunasikia tu kwamba ilikuwa inajileta yenyewe, bure, kama nywele kichwani. Yetu ni theluji ya kupanda. Msimu wa mvua ndege nyuki, zile zisizo na rubani, za Bodi ya Theluji zinapanda juu na ukungu wa maji, zinaunyunyiza kwenye baridi kali ya kule, na kukicha unakuta shamba jeupe limetandazwa kwenye bega la mlima, limezuiwa kwa chini na ukuta wa kokoto zilizogandishwa. Kiangazi kikiingia shamba linayeyuka polepole. Maji yanashuka kwa mito miwili. Mmoja ni Lyasika, unaopita katikati ya mji. Mwingine ni Kinare, unaotumbukia kwenye korongo na kunywesha mifongo, ile mifereji ya mababu inayoleta maji migombani.

Kila mto una mlango wake kule juu, na milango hiyo haiguswi na mkono wa mtu. Zamani iliguswa. Watu walikatana mapanga, ndugu wakazikana kwa ajili ya ndoo. Ndipo ikaja Sheria ya Mikono Mbali. Anayefungua na kufunga ni Mhesabu, mashine yetu. Binadamu anaruhusiwa kusahihisha kile Mhesabu anachokiona. Anachokiamua, hapana.

Basi mimi ndiye nilikuwa msahihishaji wa macho yake.

Hesabu yenyewe wala haitishi. Setilaiti inapita asubuhi na kupiga picha, tunajua shamba lina ukubwa gani. Vipimo vya kule juu vinatuambia joto. Kila nyuzi joto moja juu ya kiwango cha kuganda, theluji inatoa maji kiasi fulani; zidisha na ukubwa wa shamba, unapata mto wa kesho. Hata mama anayeuza barafu za ukwaju shuleni anaijua hesabu hiyo: jua hili, barafu zangu kumi, nikichelewa nauza juisi. Adui ni mawingu. Jeupe la wingu na jeupe la theluji ni ndugu, na kivuli cha wingu kikilala juu ya theluji kinaweza kumfanya Mhesabu aone shimo. Hapo ndipo jicho langu lilipokuwa linalipwa. Na nilikuwa najisifu nalo, aisee. Nilikuwa naweza kumwona inzi kwenye pilau ya harusi nikiwa meza ya tatu.

Siku hiyo ya kosa likatokea doa jeusi chini ya shamba, karibu na ukuta, upande wa mashariki. Mawingu ya upande huo tunayajua, yanatokea Mawenzi, kilele jirani. Na kila mtoto wa huku ameambiwa kwamba Mawenzi ni jirani asiyekoma kwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, mpaka Kibo akachoka akamtandika mchi, ndiyo maana kichwa chake kimechongoka vile. Nikaandika kwenye lile doa: *Kivuli. Mawenzi kaja kuomba moto.*

Watu wakacheka. Mhesabu hacheki. Mhesabu anajifunza. Kuanzia hapo kila alipokuta doa pale, alilipiga muhuri mwenyewe, Mawenzi kaja kuomba moto, akalifunika na kuziba pengo kwa theluji ya kukisia. Picha zikawa zinanifikia zimeshasafishwa. Nani anafua shati lililofuliwa?

*

Wiki zikapita, mito ikaanza kukosana na hesabu. Mhesabu alisema maji yamejaa Kinare. Watu wa Kinare walisema wanaona mawe. Mashine ikatafuta sababu, ikaipata: *Wizi wa maji mifongoni.* Bodi ikapeleka gari la vipaza sauti likazunguka migombani kuwaita watu wezi.

Shemeji yangu Ndesario, kaka wa mke wangu, ndiye mkuu wa mfongo wa Kinare. Alinipigia akiwa anafoka.

"Shemeji, hivi sisi tunaiba maji tunayaficha wapi? Chini ya kitanda?"

"Mashine inasema maji yapo mtoni."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema kama yapo mtoni na hayafiki shambani, mfongo wenu umeziba. Zibueni. Mmenenepa kwa ndizi, hamtaki kushika jembe."

Alicheka, kwa sababu mimi nikisema kitu watu hucheka. Kisha akaitisha msaragambo. Kila nyumba itoe watu, washuke korongoni, waanze kuchimba kutoka kule mfongo unapochomoka mtoni.

Asubuhi ya msaragambo mke wangu, Eliaichi, alijifunga khanga mbili na kutoka na sufuria kubwa. Wanawake walikuwa wanapika kulekule chini.

"Utakula ofisini," aliniambia. "Na usije kunipigia kila saa kuuliza chumvi iko wapi."

*

Nilikuwa nakoroga chai dirishani. Kibo kilikuwa wazi, bwana, wazi kama sahani iliyooshwa. Hakuna wingu hata la kufunika kuku. Nikageuka kwenye skrini, picha ya dakika ileile imeshaingia, na pembeni ya ukuta lile neno langu: Mawenzi kaja kuomba moto.

Nikatazama dirishani tena. Kisha skrini. Kijiko kikaacha kuzunguka chenyewe.

"Bwana Apa, mbona umeganda? Utatuibia kazi ya ndege nyuki." Huyo ni Injinia Salha, mkuu wetu, Mtanga mpole anayetembea kama hataki kuamsha mtu.

"Injinia, njoo dirishani. Unaona wingu?"

"Sioni."

"Njoo kwenye skrini. Unaona nini?"

Alisoma, akatabasamu kwanza, kwa mazoea. Halafu tabasamu likashuka taratibu. "Hiki kivuli ni cha nini, kama hakuna wingu?"

Nilifungua nakala ya majaribio, ile ambayo Mhesabu anaijibu bila kugusa milango, nikaondoa kile kifuniko. Setilaiti ina rangi ambayo jicho la mtu haliioni. Katika rangi hiyo wingu linang'aa, theluji kavu inakuwa kijivu, theluji iliyolowa inakuwa nyeusi. Maji yaliyosimama yanakuwa meusi kabisa, kama mlango wa chumba kisicho na mtu.

Halikuwa doa tena. Lilikuwa limekua chini ya jina langu siku zote zile, limetambaa nyuma ya ukuta wote. Yale maji tuliyowaita watu wezi kwa ajili yake yalikuwa juu pale, yameketi, yamefunikwa na ukoko wa theluji, yanazidi. Kwa hesabu ya harakaharaka, ungejaza viwanja kumi vya mpira mpaka yafunike magoli.

"Si kivuli," Salha alisema kwa sauti ndogo. "Ni ziwa."

Nilifungua mdomo niseme kitu cha kuchekesha. Ni tabia tu. Nikaufunga, nikaikuza picha.

Akaagiza vipimo vya ukutani. Ukuta ulikuwa umesogea upana wa kidole tangu jana. Kokoto zilizogandishwa hazisogei. Zikisogea ni kwamba barafu iliyozishika inayeyuka.

"Muulize atafanya nini," alisema.

Nikamuuliza Mhesabu, kwenye nakala ileile. Hachukui muda. *Nitafungua mlango wa Kinare wote, kupunguza uzito kabla ukuta haujaangukia Lyasika. Watu kandokando ya Lyasika: elfu tisa. Watu ndani ya korongo la Kinare: sifuri.*

"Alhamdulillahi," Salha akashusha pumzi. "Korongo ni tupu. Futa hicho kifuniko kwenye mashine yenyewe, Apa. Futa sasa hivi."

Mkono wangu haukwenda.

"Apa?"

"Si tupu."

"Mashine imehesabu."

"Mashine inahesabu simu, Injinia."

*

Hili mtu wa Tanga hawezi kulijua, na wala sikumlaumu. Zamani msaragambo wetu uliharibiwa na simu. Watu kumi wanachimba, thelathini wanawapiga picha waliochimba. Ndesario alipopewa ukuu akaweka kapu. Kabla ya kushuka korongoni kila mtu anaweka simu yake kwenye kapu nyumbani kwa Shangazi Ndekira, kule juu ukingoni, anaichukua jioni. Ukikutwa na simu chini unazoa tope peke yako wenzako wakila. Kijiji chote kilikuwa chini ya korongo. Simu zao zote zilikuwa juu, kwenye kapu moja la magamba ya mgomba, na Mhesabu alikuwa anaona sherehe kubwa sana nyumbani kwa bibi mmoja.

Nilipiga simu ya mke wangu. Iliita sana.

"Haloo? Hii simu si ya mwenyewe."

"Shangazi! Ni Apaeli. Wako wapi?"

"Si wako mfongoni? Chumvi iko kabati la juu, mkeo kaniachia maagizo." Alicheka mpaka akakohoa.

"Shangazi, nisikilize. Maji yanakuja. Watoke korongoni, wapande, wote, sasa hivi."

"Mhm. Na yana rangi gani safari hii?"

Mwaka uliopita niliwaambia kwamba Bodi itapanda theluji ya kijani kwa ajili ya sikukuu. Walipanda ukingoni na watoto, wakakaa kutazama hadi jua likazama. Nilicheka wiki nzima.

"Shangazi, sitanii."

"Hivyo ndivyo ulivyosema na siku ile. 'Shangazi, sitanii.'"

"Kwa jina la mama yangu aliyelala migombani pale kwenu, sitanii. Tuma mtu."

Nilisikia kuku.

"Hayupo wa kumtuma," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Wote wako chini. Niko mimi na goti langu."

"Basi piga kelele. Piga yowe."

"Yowe halifiki, mto unanguruma kule. Nashuka. Lakini Apaeli, nikifika nikakuta unacheka, nakulaani, na laana yangu haina dawa."

Hakukata simu. Aliirudisha kapuni tu. Nilibaki nasikia hatua zake, fimbo, mguu, fimbo, mguu, zikififia. Kisha simu nyingine kapuni ikaanza kuita, na nyingine. Watu wengine kokote walikokuwa walikuwa wanawatafuta watu wao kwa mambo ya kawaida.

Kushuka lile korongo, mtu mzima wa magoti mazima hutumia karibu saa moja.

*

"Ukuta umesogea tena," Salha alisema.

Alikuwa amekaa. Na yeye alikuwa ameshika simu, ameiweka kifuani.

"Tungoje kidogo," nikasema. "Shangazi kashaanza kushuka. Tukiacha kifuniko kilivyo, Mhesabu haoni kitu, hafungui."

"Na ukuta ukivunjika wenyewe?"

Wote wawili tulijua. Ukuta uliinamia Lyasika.

"Mama yangu anakaa Lyasika," alisema. "Nyumba ya pili kutoka darajani. Nilimleta toka Tanga mwenyewe, nikamwambia huku kuna hewa. Hatembei, Apa. Anayemhudumia amekwenda sokoni na amefunga mlango kwa nje. Nimewapigia majirani. Mmoja kaniambia yuko kazini, wengine hawapokei."

"Elfu tisa," akaongeza, kama aliyeona aibu ya kuanza na mmoja. "Ni watu elfu tisa. Hatuwezi kuwakalia kimya. Futa."

Alikuwa na haki. Kila dakika niliyomwachia Shangazi nilikuwa naichukua kwa watu wasiojua hata kwamba wananikopesha. Lakini nikifuta, mlango wa Kinare unafunguka wote, na maji yale yakiingia kwenye ile njia nyembamba hayashuki, yanarushwa. Niliona khanga mbili. Niliona sufuria.

Ndipo nikakumbuka sheria yenyewe inavyosema. Mtu anaweza kusahihisha kinachoonekana. Kama niliweza kutunga wingu, kwa nini nisiandike watu, tena watu wa kweli?

Nilivuta picha ya Kinare. Nikachora mstari ndani ya korongo, pale mfongo unapochomoka, nikaandika: *Watu wapatao mia moja na hamsini.* Sikuweka utani wowote. Nadhani ni mara ya kwanza kuandika kitu kazini bila mkia. Kisha nikaondoa kifuniko, si kwenye nakala, kwenye mashine yenyewe. Nikatuma vyote viwili pamoja.

Salha alisimama nyuma yangu. Maandishi yakaja.

*Kifuniko kimeondolewa. Ziwa limeonekana.*

*Msahihishaji huyu aliandika kivuli kisichokuwepo. Neno lake peke yake halitoshi kwa jambo la watu. Sahihisho la Kinare linahitaji shahidi wa pili.*

*Bila shahidi: mlango wa Kinare wote.*

*Kwa shahidi: milango yote miwili, nusu kwa nusu.*

*Nasubiri mpaka ukuta ufike mstari mwekundu.*

Chini yake likatokea duara dogo la kuweka kidole. Ofisi ile ilikuwa na watu wawili wenye kidole kinachotambuliwa. Kimoja kilikuwa changu.

Sikuhitaji kumweleza Salha nusu kwa nusu ni nini, yeye ndiye aliyenifundisha. Kinare, maji yanafika kifuani. Mwenye nguvu anashika mzizi, anapanda, anawavuta wengine. Lyasika, mto unatoka kingo zake. Mji unapona. Nyumba za karibu na daraja zinaingia maji mpaka madirishani.

Kitanda cha mtu asiyetembea kiko chini kuliko dirisha.

"Injinia," nikasema.

"Sijawaona." Alikuwa anaangalia duara. "Apa, mimi sijawaona hao watu. Wewe umesikia simu ikipokelewa na bibi mmoja. Kama walimaliza mapema? Kama wamepanda kula?"

"Hawapandi kula. Wanapika kulekule."

"Nikiweka kidole naapa kwamba nimeona. Sijaona. Ndivyo tulivyofika hapa, kwa mtu kuandika asichokiona."

Hilo lilinipata, na nililistahili.

"Ni kweli," nikasema. "Lakini mke wangu yuko mle."

"Na mama yangu yuko kule."

Tukatazamana. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake, na hicho ndicho kilichonitisha. Alikuwa mtu mwema anayehesabu.

Simu kifuani mwake ikasema kitu. Nilikuwa sijui kwamba iko hewani. Sauti ya mama mtu mzima, ya uchangamfu, ya mtu aliyefurahi kupigiwa mchana wa kazi.

"Salha? Mwanangu, mbona umenyamaza? Nilikuwa nakuambia kuhusu samaki wa jana..."

Salha akaifunika kwa kiganja. Hakuikata.

Kwenye skrini ule mstari wa ukuta ulipanda kidogo, ukatulia, ukapanda tena. Ule mwekundu ulikuwa juu yake, na nafasi katikati ilikuwa nyembamba kiasi kwamba jicho langu, lile la inzi na pilau, lilishindwa kusema kama bado ipo. Kwenye simu yangu mezani kapu lilikuwa linaendelea kuita, na sikusikia fimbo, wala mguu, wala mtu.

Nikasogeza kiti changu pembeni ili apate nafasi ya kufika kwenye meza.

"Dada Salha," nikasema. "Weka kidole."

Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye simu. Mwingine ulikuwa ubavuni, umekunjwa.

"Dada. Nakuomba. Weka kidole."